Kuichunguza Akili kwa Njia ya Wabuddha

Anayeketi kwa mara ya kwanza kufanya taamuli, au meditesheni kama wengi wanavyoiita, mara nyingi anatafuta kitu kimoja: utulivu. Ameambiwa afumbe macho, apumue polepole, aiache akili itulie. Dakika tano hazijaisha anagundua kwamba akili yake haikutulia hata kidogo. Imepita benki, imepita kwa shangazi, imejibizana na mtu aliyemuudhi mwaka juzi. Anainuka akiamini kwamba mambo haya yana wenyewe. Ningependa kumrudisha mtu huyo kwenye mkeka, kwa sababu alichokiona katika dakika zile ndicho hasa ambacho Wabuddha wamekuwa wakikichunguza kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Utulivu utakuja na utaondoka. Kinachofaa kutafutwa mwanzoni ni kuona: akili inafanya nini, kwa utaratibu gani, na ni wapi hasa inapoanza kujitia taabuni.

Tuanze na kuketi, maana bila hilo mengine yote yatabaki maneno. Chagua saa ambayo nyumba imetulia. Kwa wengi ni alfajiri kabla watoto hawajaamka, au usiku chakula kikishashuka. Keti chini ukikunja miguu juu ya mto, au kwenye kiti cha kawaida nyayo zikigusa sakafu. Anayekaa chini hana thawabu ya ziada, na mwenye magoti mabovu asijitese. Mgongo uwe wima bila kukakamaa, mikono ilale mapajani. Simu iwekwe chumba kingine. Ukiizima sauti tu na kuiacha karibu, sehemu ya akili itaendelea kuingoja. Dakika 15 zinatosha kwa mwezi wa kwanza, lakini ziwe za kila siku. Anayekaa saa mbili Jumapili moja kisha akasahau wiki nzima hujifunza kidogo sana.

Peleka fahamu kwenye pumzi, pale unapoihisi waziwazi: puani, kifuani, au kwenye tumbo likipanda na kushuka. Usiiongoze. Ikiwa fupi, jua kuwa ni fupi. Ikiwa ndefu, jua kuwa ni ndefu. Maelekezo haya yanatoka katika hotuba ya Satipatthana, ambayo ndiyo msingi wa taamuli ya uchunguzi katika tawi la Theravada, tawi linalofuatwa Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Laos na Kambodia. Pumzi hapa ni mahali pa kusimama, ili uweze kuona vinavyopita.

Na vitapita vingi. Mwaka 2010 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu zao, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Katika asilimia 46.9 ya mara hizo, akili zao zilikuwa mbali na jambo lililokuwa mikononi mwao, na zikiwa huko furaha yao ilipungua. Basi akili yako ikitangatanga usijione mgonjwa. Jambo la kuangalia sana ni ile nukta unapogundua kwamba umetangatanga. Hukufanya lolote ili ugundue. Fahamu imerudi yenyewe. Ukiipokea kwa kujilaumu, unaifundisha akili kwamba kuzinduka kuna adhabu. Ipokee kwa wema, taja kimoyomoyo kilichokuwa kikiendelea (kupanga, kukumbuka, kubishana), kisha rudi kwenye pumzi. Njia hii ya kutaja ilienezwa hasa na Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma (sasa Myanmar) aliyeishi kati ya 1904 na 1982, na hadi leo inafundishwa katika kituo chake mjini Yangon. Neno moja linatosha. Likirefuka na kuwa sentensi, ujue umeanza kujisimulia.

Baada ya wiki kadhaa za namna hii, ingia katika sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo hazina ya saikolojia ya Kibuddha. Satipatthana inagawa uwanja wa uchunguzi katika sehemu nne: mwili, vedana, hali ya akili, na kanuni zinazoendesha mambo ya ndani ya akili. Wanafunzi wengi hukomea kwenye mwili na pumzi. Hiyo ya pili ndiyo ninayokuomba uikazie macho. Vedana ni ladha inayoambatana na kila kinachogusa fahamu, na ladha hizo ni tatu tu: ya kupendeza, ya kukera, na isiyoegemea upande wowote. Honi ya gari inakera. Harufu ya vitunguu vikikaangwa inapendeza. Ukuta ulio mbele yako hauna upande. Hata wazo lina ladha. Jina la mtu likipita akilini, ladha yake imeshafika kabla hujajua kwa nini umemkumbuka.

Usiichanganye vedana na hasira, huzuni au furaha. Hasira ina hadithi, ina mtuhumiwa, ina hoja zake. Vedana haina neno hata moja, ndiyo maana ni rahisi kuipita bila kuiona. Mafundisho ya Buddha yanaiweka katika mnyororo wa sababu: penye mguso hutokea vedana, penye vedana hutokea kiu, penye kiu hutokea kung'ang'ania. Juu ya mguso huna amri. Mwenye masikio atasikia. Juu ya ladha pia huna amri, kwa sababu inakuja pamoja na mguso. Lakini kati ya ladha na kiu pana nafasi. Ni ndogo sana, na kwa mtu ambaye hajawahi kuitazama ni kana kwamba haipo. Mazoezi yote ninayoyaeleza hapa yanalenga kuiona nafasi hiyo.

Chukua jambo la kila siku. Simu inalia, ni kundi la familia la WhatsApp. Mjomba ameweka orodha ya michango ya harusi, na mbele ya jina lako pana sifuri. Kwanza macho yameona alama. Halafu akili imezitambua: hili ni jina langu, hii ni sifuri. Kabla ya wazo lolote, imeingia ladha ya kukera, na ukiwa mwangalifu utaikuta mwilini. Pengine tumbo limekaza, pengine uso umepata joto. Kisha akili inaisukuma ladha hiyo, inataka isiwepo. Hapo ndipo maneno yanapofunguka: kwa nini ameniweka hadharani, yeye mwenyewe alitoa nini kwenye msiba wa baba, mwaka jana nilitoa na hakuna aliyenishukuru. Dakika tatu baadaye unaandika jibu ambalo ukoo utalikumbuka miaka kumi. Yote hayo yalipitia kwenye ule mkazo wa tumbo. Kama pale ungesema moyoni "inakera, tumbo limekaza," ukakaa na hali hiyo kwa pumzi tatu bila kuifukuza, huenda ungeandika tu, "Nimeona, Mjomba, nitatuma mwisho wa mwezi." Huenda usingeandika kitu. Sifuri ingebaki sifuri na mchango bado ungedaiwa, ila taabu uliyojiongezea juu yake isingekuwapo.

Buddha alilisemea jambo hili katika hotuba fupi iitwayo Sallatha. Mtu amechomwa mshale, kisha anachomwa wa pili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe, nayo humpata mwenye hekima na asiye na hekima sawasawa. Wa pili ni kilio, kisirani na kukataa kunakofuata. Hotuba hiyo inakwenda mbali zaidi: inasema chini ya ladha ya kupendeza imelala tamaa, chini ya ladha ya kukera imelala chuki, na chini ya ile isiyo na upande kumelala kutojua. Nakushauri uyapime madai haya matatu wewe mwenyewe, moja kwa wiki. Wiki ya kwanza fuatilia yanayokera: foleni, mbu, sauti ya jirani. Wiki ya pili fuatilia yanayopendeza, ambayo ni magumu zaidi kwa sababu hatuoni haja ya kuyachunguza. Angalia kidole chako kinapopandisha video fupi inayofuata kwenye simu. Mara nyingi utakuta utamu wa ile iliyopita umeshaisha, na kinachokisogeza kidole ni kiu tupu. Wiki ya tatu fuatilia yasiyo na upande: kungoja maji yachemke, kutembea kutoka kituoni hadi nyumbani. Utagundua jinsi akili isivyovumilia mahali pasipo na ladha, na jinsi inavyokimbilia kuunda wasiwasi au ndoto ili ipate cha kutafuna.

Kwenye mto, baada ya miezi miwili mitatu, utakutana na wageni watano ambao vitabu vya Kibuddha vinawaita vizuizi: tamaa ya yanayofurahisha hisi, uadui, uzito wa usingizi, mhangaiko pamoja na majuto, na shaka. Watu wengi hudhani kazi ni kuwafukuza. Satipatthana inaagiza jambo jingine, na agizo hilo ni la kimatibabu kabisa. Kwa kila kizuizi ujiulize: je, sasa kipo? Je, sasa hakipo? Kilianzaje? Kinaondokaje kikishaingia? Kitazuiwaje kisirudi? Swali la pili watu hulipuuza, nami ningependa ulitilie mkazo. Hasira ikishatoka, ni nadra mtu akaketi kutazama akili isiyo na hasira inavyojisikia. Tunairukia shughuli inayofuata. Kumbe ni katika kuitambua nafuu hiyo ndipo akili inapojifunza kwamba inaweza kuishi bila kizuizi, na inaanza yenyewe kukielekea kidogo kidogo kile chenye nafuu.

Usingizi una dawa zake za kawaida: fumbua macho, simama, nawa uso, tembea polepole. Kama unalala kila siku katika dakika ya saba, huenda mwili unadai usingizi wa kweli, na jibu sahihi ni kulala mapema. Shaka ndicho kizuizi cha hatari zaidi kwa msomi, kwa sababu huja katika sura ya akili nyingi. Inasema: pengine njia ya Zen ni bora, pengine ya Tibet, hebu nisome kitabu kimoja zaidi kwanza. Itaje kwa jina lake, "shaka," kama ulivyotaja kupanga na kukumbuka, kisha endelea na njia uliyoichagua kwa angalau miezi mitatu kabla ya kuilinganisha na nyingine.

Sijasema vitabu havina kazi. Ubuddha una elimu ya nafsi iliyoandikwa kwa undani wa kushangaza, na sehemu yake kubwa imo katika Abhidhamma, kapu la tatu la maandiko ya Theravada, lenye vitabu saba. Huko akili haizungumzwi kama kitu kimoja kinachokaa ndani ya mtu. Inaelezwa kama mfululizo wa nyakati za fahamu, kila wakati ukiwa na viambato vyake. Viambato hivyo vimehesabiwa 52: saba vinavyokuwapo katika kila wakati wa fahamu, sita vinavyokuja na kuondoka, 14 vibaya, na 25 vizuri. Anayeanza akiona hesabu hizi huchoka, na ana haki. Lakini zina faida ukizisoma baada ya kuketi. Kwa mfano, kule kuelekeza akili kwenye kitu kumo miongoni mwa vile saba vya kila wakati, wakati sati, ule uangalifu unaofunzwa kwenye mto, umewekwa upande wa vile 25 vizuri. Mwizi anayenyemelea dirisha ameelekeza akili barabara, na kwa mujibu wa Abhidhamma hana sati. Tofauti hiyo inajibu swali ambalo makocha wengi wa kisasa hawaligusi: kukazia fikra tu hakumfanyi mtu kuwa bora.

Anayetaka kusoma ningempa majina mawili. La kwanza ni Nyanaponika, Mjerumani wa familia ya Kiyahudi aliyezaliwa mwaka 1901, akaenda Sri Lanka mwaka 1936 na kuwa mtawa. Vita Kuu ya Pili ilipozuka Waingereza walimfunga pamoja na Wajerumani wengine, na sehemu kubwa ya vita aliimalizia katika kambi ya Dehradun, India, akiwa bado anatafsiri maandiko. Mwaka 1952 alikwenda Burma kujifunza taamuli kwa Mahasi Sayadaw, na miaka miwili baadaye kikatoka kwa Kiingereza kitabu chake The Heart of Buddhist Meditation. Msomi aliyeijua Abhidhamma kwa kina hivyo alikubali kuwa mwanafunzi wa kuketi akiwa amevuka miaka 50. Ndiyo maana nayaamini maandishi yake. Jina la pili ni Bhikkhu Bodhi, mtawa Mmarekani, ambaye tafsiri zake za hotuba za Buddha na mwongozo wake wa Abhidhamma ni wazi na makini. Soma kurasa chache, funga kitabu, ukakitafute ulichosoma ndani ya akili yako. Usipokiona, weka alama, urudi baada ya mwezi.

Msomaji mwenye kazi na watoto ataniuliza kama haya si mambo ya watawa. Kwa karne nyingi yalikuwa hivyo. Taamuli ya uchunguzi ilikuwa ya wachache hata katika nchi za Kibuddha. Mambo yalibadilika Burma mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1885 Waingereza waliiteka Mandalay na kumpeleka uhamishoni mfalme Thibaw, na mtawa Ledi Sayadaw, akihofia kwamba dini ingepoteza mlinzi wake, akaanza kuwafundisha watu wa kawaida Abhidhamma na taamuli kwa lugha nyepesi. Matunda ya juhudi hizo yanaonekana katika maisha ya U Ba Khin, ambaye Burma ilipopata uhuru mwaka 1948 alikuwa Mhasibu Mkuu wa serikali. Mtu huyu alisimamia hesabu za nchi nzima, akawafundisha taamuli hata wafanyakazi wa ofisi yake. Mwanafunzi wake S. N. Goenka alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Mandalay mwenye asili ya Kihindi, aliyemwendea mwaka 1955 akisumbuliwa na kipandauso. Mwaka 1969 Goenka alihamia India, na kozi zake za siku kumi sasa zinaendeshwa katika nchi nyingi duniani. Njia yake inapitisha fahamu mwilini sehemu kwa sehemu, na kiini chake ni vedana ileile niliyoieleza. Kama mkondo wa Mahasi wa kutaja unakuchosha kwa maneno, huu huenda ukakufaa zaidi.

Sasa suala la dini, ambalo kwetu haliwezi kuachwa pembeni. Je, Mwislamu au Mkristo anaweza kuyafanya haya? Kuketi, kuifuata pumzi na kuitambua ladha ya mambo hakudai shahada ya imani. Mwislamu anayejua muhasaba, kule kuihesabu nafsi kila siku, na Mkristo aliyezoea kuichunguza dhamiri kabla ya kuungama, hawatajiona ugenini kabisa. Hata hivyo si kweli kwamba saikolojia hii ni sayansi tupu isiyo na itikadi. Inafundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu, inakubali kuzaliwa upya, na haina Mungu Muumba. Atakayeisoma kwa kina atakutana na mafundisho hayo, na ni heri akutane nayo akiwa anajua. Chukua zana unazoweza kuzitumia kwa dhamiri safi, na mahali usipokubaliana pabaki pa kutokubaliana. Kuna jambo moja la vitendo: kozi za Goenka humtaka mshiriki aache ibada zote nyingine kwa muda wa kozi, pamoja na sala, tasbihi na kufunga. Mtu anayeswali sala tano anapaswa kulijua hilo kabla ya kujaza fomu.

Kuhusu faida, jihadhari na wanaouza miujiza. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha programu katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, na kutoka hapo mazoezi haya yakaingia hospitalini. Mwaka 2000 John Teasdale na wenzake walichapisha jaribio la mafunzo ya namna hii kwa watu 145 waliowahi kuugua sonona. Kwa wale walioipata mara tatu au zaidi, mafunzo yalipunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Kwa walioipata mara mbili tu hayakusaidia. Mwaka 2014 tathmini ya majaribio 47 yenye washiriki 3,515 iliona nafuu ndogo hadi ya wastani katika wasiwasi, sonona na maumivu, na haikuona kwamba taamuli inashinda dawa au mazoezi ya viungo. Kwa hiyo anayetumia dawa za akili aendelee nazo kama daktari alivyoagiza, na taamuli iwe nyongeza.

Kuna pia madhara, na ninayasema kwa uzito. Mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mahojiano na makumi ya watu waliopata shida kutokana na taamuli: hofu kali, kukosa usingizi, kujihisi mbali na mwili wao, kumbukumbu za zamani kurudi kwa nguvu. Baadhi yao walikuwa walimu. Mtu aliyepitia vita, kubakwa au kipigo cha utotoni, au aliyewahi kuchanganyikiwa akili, asianze na kozi ndefu ya ukimya. Aanze kwa dakika chache, macho wazi, fahamu ikiwekwa kwenye nyayo au kwenye sauti za nje badala ya pumzi, na ikiwezekana awe na mshauri nasaha anayemfuatilia. Ukiona hofu inakua wiki baada ya wiki, acha. Fanya kazi za mikono, tembea, kula vizuri, zungumza na watu. Mwalimu anayekuambia uendelee tu kwa sababu eti huo ni mlango wa hekima, mkimbie.

Lipo kosa jingine la kimyakimya, nalo linawapata wanaofanikiwa. Buddhaghosa, mwanazuoni aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, anaeleza katika kitabu chake Visuddhimagga kwamba sifa njema kama upendo na huruma zina adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali wa upendo ni chuki, anayejulikana kwa kila mtu. Adui wake wa karibu ni mapenzi ya kung'ang'ania, yanayofanana nao. Adui wa karibu wa huruma ni huzuni. Na adui wa karibu wa utulivu wa moyo ni kutojali. Huyu wa mwisho ndiye wa kuogopwa na kila mtu anayeketi, kwa sababu kutojali kunaleta ukimya mtamu sana kwenye mto. Kipimo chake hakipo kwako. Kipo kwa unaoishi nao. Kama mkeo au mumeo anasema siku hizi haupo hata ukiwa mezani, kama mtoto analia nawe unajisifu kwamba hukutetereka, punguza uchunguzi na uongeze metta, zoezi la kutakia heri: jitakie mema wewe mwenyewe, kisha unayempenda, kisha usiyemjua vizuri, kisha anayekusumbua. Dakika kumi zinatosha. Lisikupe aibu kwa kuwa linaonekana la kitoto. Visuddhimagga imelipa sehemu nzima.

Kumpata mwalimu Afrika Mashariki si rahisi, lakini si jambo lisilowezekana. Dar es Salaam pana hekalu la Kibuddha lenye historia inayorudi kwa Wasinhala waliofika kutoka Ceylon, sasa Sri Lanka, mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na Entebbe kuna Uganda Buddhist Centre, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na watawa wa Thailand alipokuwa akisoma India. Popote utakapokwenda, muulize mwalimu mambo matatu: alifundishwa na nani, anafanya nini mwanafunzi akipata shida ya akili, na fedha zinatumikaje. Anayekasirika kwa kuulizwa amekujibu tayari. Mkondo wa Goenka hautozi ada. Anayemaliza kozi hutoa akitaka. Wengine hutoza, na si dhambi, ila gharama zijulikane mwanzoni.

Usiiendee kozi ya siku kumi kabla hujaketi kila siku kwa miezi sita nyumbani. Wakufunzi hawalazimishi hivyo, lakini kengele hulia saa 10 alfajiri, unaketi kama saa kumi kwa siku, husemi na mtu, na mwanafunzi mpya jioni hupata matunda na chai tu. Mwili na akili visivyoandaliwa huzimaliza siku nne za mwanzo vikipigana na magoti. Waage nyumbani vizuri, lipa ada za shule kabla, mwachie ndugu mmoja namba ya kituo kwa dharura. Ukitoka, usifanye uamuzi mkubwa kwa wiki mbili: usiache kazi, usivunje uchumba, usiuze kiwanja, hata kama kila kitu kinaonekana wazi kuliko kilivyowahi kuonekana. Na ukifika nyumbani usianze kusimulia. Waulize wao kwanza walipitia nini siku hizo kumi, nani aliugua, bili ya maji ilikuja shilingi ngapi, na wakati wanakujibu, angalia ladha zinavyoingia moja baada ya nyingine.